Kisima cha duara nimepima kwa kamba, fundi anataka mifuko mitatu ya saruji kwa mfuniko tu, nani kakosea hesabu?

kijana_wa_pongwe

Asalaam aleykum wakuu, na shikamooni wakubwa wote. Naombeni msaada wa hesabu maana mada ya duara shuleni sikuambulia kitu na sasa imenifuata mpaka nyumbani.

Iko hivi. Bi mkubwa ana kisima huku Pongwe, kimejengwa kwa makalvati (zile pete kubwa za zege zinazopangwa juu ya nyingine), mfuniko wa zamani ulikuwa wa mbao na bati umeoza wote, juzi mbuzi wa jirani nusura atumbukie, ndio tukaamua tumwage mfuniko wa zege moja kwa moja. Tatizo katikati ya mdomo kuna pampu ya mkono imefungwa kwenye gogo kwahiyo futi haipiti pale katikati, kila nikijaribu kukatisha upande hadi upande inapinda. Nikaona isiwe tabu, nikachukua kamba ya katani nikaizungusha kwa nje ya kalvati, pale ilipokutana nikakata, nikainyoosha kwenye baraza nikapima kwa futikamba ya dada anayeshona, ikatoka mita 3 na sentimita 80. Ukuta wa kalvati una unene wa sentimita 10, huo nimeupima vizuri kwa juu.

Fundi naye alikuja na kamba yake akapiga hesabu kwenye simu, akasema mfuniko utakuwa na upana wa mita 1.30 (umezidi nje kidogo kama sentimita tano kila upande maji ya mvua yasiingie), unene sentimita 8, halafu akaniandikia saruji mifuko MITATU. Mtoto wa dada yuko kidato cha pili, kachukua daftari kahesabu, anasema mfuko mmoja hauishi. Wote wawili wanaapa wametumia pai. Sasa mimi nipo katikati, fundi simjui vizuri na mtoto naye ni mtoto.

Naomba mnielekeze taratibu, kutoka kwenye hiyo 3.80 napataje upana, kutoka kwenye upana napataje eneo, na nani kati yao anadanganya?

mzee_wa_ferry

Mifuko mitatu kwa mfuniko wa kisima?? Huyo miwili anaenda kupiga plasta kwake. Nakaa hapa nasubiri wataalamu.

Mwl_Raskazone

Waalaykumu salaam mwanangu. Nimefundisha hisabati miaka mingi na hii mada ndio inawaangusha watu wazima kuliko watoto, kwa sababu watu wazima wanakumbuka kanuni nusu. Wanakumbuka kuna pai, wanakumbuka kuna mraba, ila hawakumbuki mraba wa nini.

Duara lina vipimo vinne vya kawaida. Nusukipenyo, yaani kutoka kitovuni mpaka ukingoni. Kipenyo, kutoka ukingo mpaka ukingo kwa kupita kitovuni, ndio huo unaouita upana. Mzingo, ndio kamba yako. Na eneo, ndio kile kinachofunikwa. Ukiwa na kimoja vingine vyote unavyo, huhitaji kupima tena. Mimi nilikuwa nawaambia wanafunzi, ukipewa chochote kwanza kimbilia nusukipenyo, ukishafika pale ndio utoke kwenda unakotaka, utachelewa hatua moja lakini hutapotea.

Sasa kamba yako. Pai ni ile namba inayokwambia kipenyo kinaingia mara ngapi kwenye mzingo, mara tatu na kipande, 3.14159 na inaendelea haina mwisho. Mzingo gawa kwa pai unapata kipenyo. 380 gawa kwa 3.14 ni 121. Nusu yake ni sentimita 60.5, hiyo nusukipenyo. Kama kalkuleta ya simu haina kitufe cha pai zidisha kwa 7 halafu gawa kwa 22, jibu litakuwa lilelile kwa kazi ya saruji. Hiyo 22/7 sio namba ya kubuni ya vitabuni, Archimedes wa Syracuse zaidi ya miaka 2,200 iliyopita alichukua umbo la pande 96 akalichora ndani ya duara na jingine nje yake, akathibitisha kwamba pai imebanwa kati ya 3 na 10/71 na 3 na 1/7. Hiyo 3 na 1/7 ndiyo 22/7, kwahiyo inazidi pai kidogo sana, kwa duara kama la kisima chako tofauti kwenye mzingo ni milimita moja na nusu tu. Alama yenyewe ya π kwa kazi hii ni ya juzi tu, William Jones wa Wales aliiandika 1706 na Euler ndiye aliyeitangaza mpaka ikazoeleka.

Twende kwenye eneo. Ni pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo. NUSUkipenyo, nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Mfuniko una kipenyo mita 1.30, nusu yake 0.65. 0.65 mara 0.65 ni 0.4225, mara 3.14 unapata mita za mraba 1.33. Zidisha kwa unene wa 0.08 unapata mita za ujazo 0.106. Zege la moja mbili nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) linakula takriban mifuko sita na nusu ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo, kwahiyo hapo ni kama asilimia 70 ya mfuko. Mpwa wako yuko sawa, mpe soda.

Na mitatu ya fundi nadhani naijua ilikotoka. Chukua 1.30 mara 1.30 mara 3.14, unapata 5.31, mara 0.08, mara sita na nusu. Inakuja 2.76, ukipandisha ni mitatu kamili. Hakugawa kipenyo kwa mbili kabla ya kupiga mraba. Ukisahau kugawa kwa mbili kwenye mzingo unakosea mara mbili, ila ukisahau kwenye eneo unakosea mara nne, kwa sababu ile mbili nayo imepigwa mraba. Kwahiyo usikimbilie kusema anadanganya, muulize tu akuonyeshe alivyobonyeza simu.

Jambo moja la mwisho, chunga vipimo visichanganyike. Ukihesabu kwa sentimita utapata sentimita za mraba 13,270 hivi, ukitaka mita za mraba unagawa kwa 10,000, sio kwa 100. Nimeona watu wanagawa kwa 100 wanapata mfuniko wa mita za mraba 132, huo unafunika na nyumba ya jirani.

fundi_Makorora

Mwalimu heshima yako ila sisi saiti hatuna muda na mambo ya 22 kwa 7. Kamba unaizungusha, unaikunja mara tatu, huo ndio upana wako, maisha yanaendelea. Nimemwaga mifuniko mingi tu hakuna iliyolalamika

Mwl_Raskazone

Fundi wangu, mfuniko haulalamiki kwa sababu unakaa juu. Kunja 380 mara tatu unapata karibu 127 badala ya 121, umezidisha sentimita sita, mfuniko ukizidi sentimita sita nani atajua. Sasa uambiwe utengeneze kitu cha kuingia NDANI ya kalvati, hizo sita hazitaingia hata ukipiga nyundo. Kama hutaki kalkuleta kabisa, kunja mara tatu halafu toa sentimita moja katika kila ishirini na mbili. Ni uleule mgawanyo wa 22 kwa 7 kwa mlango wa nyuma.

fundi_Makorora

Hahaha sawa mwalimu hiyo ya mlango wa nyuma naichukua

mtu_wa_Amani

Natokea Amani kule Muheza juu, kazi zangu ni za msituni, niongezee kidogo kwa sababu naona kijana anaomba radhi kwa kutumia kamba wakati amefanya jambo la akili kuliko angekatisha futi.

Sisi mti haukatishwi. Unapima kuzunguka shina, kwa kawaida kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, halafu unageuza kuwa kipenyo. Na kuna tepu maalum zenye alama zilizokwisha kugawanywa, unapoona imeandikwa sentimita 1 ukweli ni sentimita 3.14 za mzunguko, kwahiyo unazungusha na kusoma kipenyo papohapo bila hesabu yoyote.

Faida ya kuzungusha iko sehemu mbili. Ya kwanza, kosa linapungua. Ukikosea kusoma kamba kwa sentimita 2, ukishagawa kwa 3.14 kosa kwenye kipenyo limebaki milimita 6 tu. Ukikosea sentimita 2 kwa kukatisha, zimebaki 2 zilezile. Ya pili, vitu vya duara duniani si duara kamili, na makalvati ya kumwaga kienyeji yanajulikana yanavyokaa, yanakuwa kama yai. Tuseme kalvati lina 130 upande mmoja na 110 upande mwingine. Ukikatisha pale penye 130 ukahesabu eneo utazidisha asilimia 18, ukikatisha kwenye 110 utapunguza asilimia 15. Ukizungusha kamba unapata mzingo kama 378, kipenyo 120, na eneo utakalopata limezidi la kweli kwa asilimia moja tu.

Ila mjue huko kuzidi ni kwa siku zote, hakutokei kupungua. Kamba ya urefu fulani ikizungushwa duara kamili ndio inafunika eneo kubwa kuliko umbo jingine lolote, kwahiyo kitu kikiwa na mbonyeo mzingo unakudanganya kwa juu. Kwa saruji sio mbaya, kwa mtu anayenunua gogo inamuuma.

Na kama unataka kuruka kutoka mzingo mpaka eneo bila kupitia nusukipenyo (mwalimu anisamehe), zidisha mzingo kwa wenyewe halafu gawa kwa 12.57. Hiyo 12.57 ni pai mara nne. 3.80 mara 3.80 ni 14.44, gawa, unapata 1.15. Hilo ndilo eneo la kisima kwa nje.

Mwl_Raskazone

Nimekusamehe. Ila mwanafunzi akiniletea hiyo 12.57 bila kunionyesha imetoka wapi namkata maksi.

kijana_wa_pongwe

Aisee nimewasoma wote, Mungu awazidishie. Nimempigia fundi, nikamwambia kaka hebu nikumbushe ulivyozidisha. Akasema "mia na thelathini mara mia na thelathini mara tatu nukta kumi na nne". Yaani neno kwa neno alichosema mwalimu. Nikamwambia kuhusu nusu, akanyamaza kidogo halafu akasema nitume tena vipimo apige upya, hajagoma wala nini. Kumbe sio mwizi.

Sasa nina mengine mawili. Kamba ya katani niliyotumia ni nene, kama kidole changu kidogo, sentimita moja hivi, je inaharibu kipimo? Na nataka kujua upana wa ndani, nipime nini maana ndani siwezi kuzungusha kamba bila kudumbukia.

nahodha_mstaafu

Kamba nene inaharibu ndio. Kamba ikizungushwa kwenye kitu upande wa ndani unabanwa na wa nje unavutika, urefu wake wa kweli unapita katikati ya unene wake, kwahiyo umepima duara lililo nje ya kalvati kwa nusu sentimita pande zote. Toa pai mara unene wa kamba. Unene 1, toa 3.14. 380 inakuwa 377, gawa kwa 3.14 unapata 120 kamili badala ya 121. Siku nyingine tumia uzi wa mshipi au ule uzi wa fundi mwashi. Na katani kavu na katani iliyolowa sio urefu mmoja, kama kulikuwa na umande asubuhi ile basi usiiamini sana, sisi majahazini tulikuwa tunalegeza kamba mvua ikianza kwa sababu hiyohiyo, inajikaza.

Ndani usihangaike kupima. Nje ni 120, ukuta 10 huku na 10 kule, ndani ni 100. Mita moja.

mtu_wa_Amani

Kuongezea kwa nahodha, kuna kitu kizuri hapo. Mzingo wa ndani ni 314, wa nje 377, tofauti 63. Hiyo 63 haitegemei ukubwa wa kisima! Ni pai mara mbili mara 10. Ukuta ukiwa sentimita 10 unatoa 63 kwenye mzingo, iwe ni kisima, iwe ni tenki la maji la kijiji zima. Watu huwa wanabishana sana juu ya lile fumbo la kamba iliyofungwa kuizunguka dunia nzima kwenye ikweta, ukiongeza mita moja tu kwenye kamba ile itanyanyuka kutoka ardhini kiasi gani? Inanyanyuka sentimita 16 pande zote. Na ukifanya hivyohivyo kwenye ndoo inanyanyuka sentimita 16 vilevile. Mita moja gawa kwa pai mara mbili, basi, ukubwa wa kitu haujatajwa popote.

mzee_wa_ferry

Dunia nzima na ndoo sawa? Hapana mimi hii nakataa hata mlete Archimedes mwenyewe

mtu_wa_Amani

Chukua ndoo, mzee wangu, na kamba. Halafu chukua tenki. Mimi nipo.

Mwl_Raskazone

Kijana, maadamu umeshajua ndani ni mita moja, kuna zawadi humo. Eneo la ndani ni 0.785, kwahiyo kila mita moja ya kina cha maji ni lita 785, madumu 39 ya lita 20. Dumbukiza kamba yenye jiwe, angalia imelowa mpaka wapi, unajua una maji kiasi gani kisimani mwezi wa pili kabla masika hayajafika.

fundi_Makorora

Mimi niulize la kazi sasa. Kijana nondo umepanga? Mfuniko wa 130 unatakiwa ringi ya nondo ya kuzunguka, kaa ndani sentimita tano kutoka ukingoni, kwahiyo ringi ina kipenyo 120. Na mimi leo nimeshakuwa msomi, 120 mara 3.14 ni 377, ongeza na kupishana pale mwisho wa kufungia waya, kwa nondo ya milimita 10 mimi napishanisha sentimita 40, jumla kata mita 4.17. Nondo moja ya mita 12 inatoa ringi mbili na kipande cha mita tatu na nusu kinachobaki kinaenda kwenye zile za kukatisha. Ukikata 3.77 tupu ringi itakutana kichwa kwa kichwa na huna pa kufungia.

Na jambo jingine, hapo mwalimu kahesabu saruji hajahesabu mgongo wako. Mita za ujazo 0.106 za zege ni kilo kama 250. Mwambie fundi aumwage vipande viwili nusu duara, katikati aache tundu la bomba la pampu. Nusu moja kilo 125, watu wanne wanaibeba. Ukimwaga mzima siku pampu ikiharibika utaita kijiji.

mama_sinia

Jamani hodi, mimi sio wa visima ila nimesoma mpaka hapa. Napika mkate wa kumimina kwa oda hapa Ngamiani. Nina sinia la inchi 10 nauza shilingi 5,000. Kuna mteja anataka wa sinia la inchi 14 na anataka nimuuzie 7,000 eti kwa sababu inchi 14 ni mara moja na nukta nne ya 10. Moyo unaniambia hapana ila sijui nimjibu vipi.

Mwl_Raskazone

Moyo wako unajua hisabati. Yeye analipia kipenyo wakati anakula eneo. Usitumie hata pai hapa, inajifuta yenyewe pande zote mbili. 14 mara 14 ni 196, 10 mara 10 ni 100, gawa moja kwa nyingine unapata 1.96. Kwa unene uleule mkate wa sinia kubwa una unga, nazi na mayai karibu mara mbili. Elfu tano mara 1.96 ni 9,800. Mwambie elfu kumi na umpe mia mbili ya iliki.

mama_sinia

😂😂 Mwalimu nakuletea kipande Raskazone. Kwahiyo nikitaka sinia ya kubeba mara mbili kamili ya ile ya 10 ninunue inchi ngapi?

Mwl_Raskazone

Hapo unarudi kinyumenyume, kutoka eneo kwenda kipenyo, na kinyume cha mraba ni kipeuo cha pili. Kipeuo cha 2 ni 1.414, mara 10 ni inchi 14 na kidogo. Sinia lake la 14 ndilo hilohilo unalolitaka.

Kijana wa Pongwe nawe liweke akilini, ukipewa eneo, gawa kwa pai, tafuta kipeuo cha pili, hiyo ni nusukipenyo, zidisha kwa mbili. Mtu akikwambia nataka tenki la duara lenye eneo la mita za mraba 2 chini, 2 gawa kwa 3.14 ni 0.637, kipeuo chake 0.798, kipenyo ni mita 1.60.

bomba_na_maji

Ndio maana nagombana na wateja. Mtu ana bomba la inchi moja limeingia uani anataka kuligawa kwenye mabomba mawili ya nusu inchi, anasema nusu na nusu si ni moja? Kwa eneo la tundu zinatakiwa NNE za nusu inchi kufikia moja ya inchi, na hata hizo nne maji yanasuguana zaidi na kuta kwahiyo bado ile moja inashinda. Na msije mkazungusha futi kwenye bomba la chuma la nusu inchi mkaona mzingo sentimita 6.7 mkaja kunitukana hapa, ukigawa utapata milimita 21 na nusu inchi ni 12.7. Hiyo nusu inchi ni jina la saizi tu, kipenyo cha nje ni kingine. Kwenye bomba usihesabu kutoka nje kwenda ndani mpaka ujue ukuta wake.

kijana_wa_pongwe

Wakuu nimerudi. Fundi kaja leo, kakubali mfuniko ni mfuko mmoja, na kakubali vipande viwili. Halafu kaangalia chini kasema hapa bila kisakafu cha kuzunguka kisima matope yatarudi humohumo, tumwage sakafu ya upana wa mita moja kuzunguka kalvati lote, unene uleule 8. Mpwa kahesabu kapata mita za mraba 3.14, saruji mfuko mmoja na nusu hivi. Fundi kapata mifuko minne. Tumeanza tena 😩

mzee_wa_ferry

Safari hii kweli unapigwa

Mwl_Raskazone

Hapana mzee, safari hii fundi ndiye aliyepatia, soda irudishwe.

Mpwa amefanya hivi. Nusukipenyo ya nje ya sakafu ni 1.60, yaani 0.60 ya kalvati na mita moja. Akatoa 0.60 kwenye 1.60 akapata 1, akapiga mraba, 1, mara pai, 3.14. Lakini hilo ni eneo la duara dogo lenye nusukipenyo ya mita moja, sio la pete. Kwenye pete unapiga mraba kwanza, kila duara peke yake, kutoa kunafuata. 1.60 mara 1.60 ni 2.56. 0.60 mara 0.60 ni 0.36. Toa, 2.20. Mara 3.14 ni mita za mraba 6.91. Mara 0.08 ni 0.553, mara sita na nusu ni 3.6. Minne, na hapo kuna kidogo cha kumwagika.

Njia nyingine ya kuhakiki kama hamniamini. Sakafu ile tembea katikati yake, pale sentimita 50 kutoka kwenye kalvati. Nusukipenyo pale ni 1.10, mzingo wake ni 6.91. Zidisha kwa upana wa mita moja, 6.91. Jibu ni lilelile kabisa, na hii inakubali kwa pete yoyote.

fundi_Makorora

Hiyo ya kutembea katikati nimeipenda kuliko zote. Kijana, jumla mifuko mitano, na ukiweza mwinamo wa sakafu uelekee nje maji yasisimame, na huyo fundi wako mwambie kama anatafuta kibarua cha pamoja anitafute Makorora.

kijana_wa_pongwe

Ntamwambia kaka. Mitano nimeshanunua, kokoto zinakuja kesho na toroli. Mpwa amenuna, amekaa na ndoo na kamba ya katani uani anapima ile ya sentimita 16.